Mapipa Bilioni 6.5 na Ukaidi wa Mchanga

Kila msimu wa bajeti unapofika Kampala, namba moja hurudi redioni na mitandaoni: mapipa bilioni 6.5. Mtu huichukua, akaizidisha kwa bei ya pipa ya siku hiyo, akaigawa kwa idadi ya Waganda, kisha akauliza fungu lake liko wapi. Namba si ya uongo. Ndiyo makadirio rasmi ya mafuta yaliyomo ardhini katika Bonde la Albertine, kandokando ya Ziwa Albert, magharibi mwa Uganda. Lakini makadirio hayohayo yana namba ya pili ambayo haina mashabiki: mapipa bilioni 1.4, yale yanayoweza kutolewa. Gawa ya pili kwa ya kwanza upate asilimia 21 na ushei. Karibu mapipa manne katika kila matano yatabaki yalipo, na rushwa haitahusika, wala kampuni za Wachina na Wafaransa zinazochimba. Yatazuiwa na mchanga.

Tunabishana kuhusu bomba la kilomita 1,443 la kwenda Chongoleani, Tanga, kuhusu fidia za mashamba, kuhusu barabara za Hoima. Yote yanastahili kubishaniwa. Ila kitakachoamua kama hiyo 21 itapanda ikawa 25 au itaporomoka ikawa 17 kiko mamia ya mita chini ya wilaya ya Buliisa, na hakuna anayekiulizia. Asilimia moja tu ya bilioni 6.5 ni mapipa milioni 65. Kwa kasi ya kilele iliyopangwa, mapipa 230,000 kwa siku, hiyo ni zaidi ya miezi 9 ya uzalishaji wa viwanja vyote vya mafuta vya miradi ya Tilenga na Kingfisher kwa pamoja.

Kwanza tuondoe picha ya ziwa la mafuta lililolala chini ya ziwa la maji. Hakuna pango, hakuna tangi. Mafuta yamo katika nafasi zilizo kati ya punje za mchanga. Jaza debe maharage mpaka juu, kisha mimina maji taratibu: debe uliloapa kwamba limejaa litaendelea kupokea. Punje za duara zilizolingana, zikipangwa kwa kubanana kabisa, huacha asilimia 26 ya nafasi tupu. Zikipangwa kwa kulegea kabisa, huacha karibu 48. Kinachowashangaza wengi ni kwamba ukubwa wa punje haubadilishi asilimia hiyo. Kinachoiharibu ni mchanganyiko. Punje ndogo zikiingia kati ya kubwa, na udongo wa mfinyanzi ukaingia kati ya ndogo, nafasi inaisha.

Ukubwa wa punje una kazi nyingine, nayo ni nzito zaidi: kuamua kama mafuta yatapita. Upenyezaji wa mwamba hukua takriban kwa mraba wa kipenyo cha punje. Mchanga wa nusu milimita hupitisha takriban mara 25 zaidi ya ule wa sehemu moja ya kumi ya milimita, hata kama nafasi tupu zinalingana. Ndiyo maana mwamba unaweza kujaa mafuta na bado ukayanyima.

Mchanga huu ulifikaje hapo? Tangu enzi ya Miosini, zaidi ya miaka milioni 5 iliyopita, tawi la magharibi la Bonde la Ufa limekuwa likipanuka, na kipande cha ardhi kati ya magenge ya Bunyoro na yale ya upande wa Kongo kikididimia. Mito ikashuka kutoka milima ya naisi, miamba mikongwe iliyojaa kwatzi na feldispa, ikimwaga mzigo wake shimoni. Leo mashapo hayo yana unene wa hadi kilomita 6 hivi penye kina kikubwa. Punje nzito zilitua midomoni mwa mito na ufukweni. Tope laini likaenda kutua katikati ya ziwa, kwenye maji yaliyotulia. Ziwa lenyewe halikukaa mahali pamoja. Lilipanda likafunika mchanga kwa tope, likashuka mito ikarudi na mchanga juu ya tope, mara nyingi mno. Mpishano huo ndio siri ya bonde lote. Mchanga ni ghala, tope ni kifuniko, na vyote vimerundikwa katika lundo moja.

Tope lina kazi nyingine. Katika vina visivyo na oksijeni, mabaki ya mwani wa ziwani yalizikwa kabla hayajaoza. Yakishushwa hadi joto la nyuzi 90 au 100 na zaidi, kilomita kadhaa chini, huanza kuiva na kutoa mafuta. Mwani wa maziwa ya maji baridi una tabia yake: hutoa mafuta yenye nta nyingi na salfa kidogo. Hapo ndipo ilipotoka nta ya mafuta ya Uganda, inayoyafanya yagande yakipoa hadi karibu nyuzi 40, na ndiyo sababu bomba la Tanga limebuniwa kupashwa joto la takriban nyuzi 50 njia nzima. Wanaolalamika kwamba bomba la joto ni ghali wana haki kulalamika, lakini wamlalamikie mwani.

Mafuta yakishaiva hayatulii. Ni mepesi kuliko maji yanayojaza mwamba, kwa hiyo huelea na kupanda. Yenye uzito wa kilo 870 kwa mita ya ujazo, kila mita moja ya safu yake huongeza msukumo wa takriban kilopaskali 1.3 (kilopaskali ni kipimo cha shinikizo) dhidi ya kilicho juu. Huo ni msukumo mdogo sana. Kinachoupinga ni wembamba wa vijia kati ya punje, kwa sababu maji hung'ang'ania kuta za mchanga na mafuta lazima yajipenyeze katikati. Kijia chenye nusukipenyo cha maikromita 10, cha kawaida katika mchanga mzuri, hudai kilopaskali 5 hivi; safu ya mita 4 inatosha kukivuka. Kijia cha tope lililokandamizwa, chenye nusukipenyo cha maikromita 0.05, hudai karibu kilopaskali 1,000, yaani safu ya mita mia saba na zaidi. Mtego wote wa mafuta umejengwa juu ya tofauti hiyo. Kifuniko hakihitaji kuwa kigumu kama zege. Kinahitaji vijia vyembamba, na kisiwe na nyufa.

Umbo nalo lina kazi. Tope tambarare halitegi kitu. Mafuta hutambaa chini yake mpaka yapate njia ya kutokea. Lazima mchanga uinuke na kufungwa pande zote. Katika bonde letu kazi hiyo imefanywa zaidi na mipasuko. Ardhi ilipokatika, vipande vikaegama, na mchanga wa upande mmoja ukajikuta umegusana na tope la upande wa pili. Pande tatu hufungwa na mwinamo wa tabaka, ya nne hufungwa na mpasuko. Mahali pengine mchanga wenyewe huisha: mkondo wa kale wa mto unakonda hadi kutoweka ndani ya tope. Mtego wa namna hiyo ni mgumu kuuona kwenye picha za mitetemo, zinazochorwa kwa mwangwi wa mawimbi yanayotumwa ardhini, na mimi ni miongoni mwa wanaodhani kwamba katika Bonde la Albertine mitego ya aina hiyo haijatafutwa vya kutosha.

Kila mtego una sakafu yake, ile sehemu ya chini kabisa ya ukingo ambapo mafuta yakizidi humwagika kwenda mtego wa jirani. Kingo hizo ndizo zinazoamua ukubwa wa kiwanja, hata mwamba mama, yaani lile tope lililopika mafuta, ungekuwa tajiri kiasi gani.

Mpasuko ni mlinzi asiyeaminika. Tope likiburutwa na kupakwa kwenye uso wake, unafunga. Ukisogea tena kwa tetemeko, au mchanga ukikutana na mchanga, unavuja. Kibiro, chini ya genge la Bunyoro, kina mama wamechemsha chumvi kwa karne nyingi kando ya chemchemi za moto, na hapohapo mafuta meusi hutoka kwenye miamba iliyopasuka kandokando ya mpasuko mkuu wa bonde. Wayland, mkurugenzi wa kwanza wa idara ya jiolojia ya Uganda, aliandika juu ya michirizi ya namna hiyo katika ripoti yake ya 1925. Watu husema mchirizi ni ushahidi wa utajiri. Ni kweli kwamba unathibitisha mwamba mama umeiva. Lakini ni ushahidi vilevile kwamba mahali hapo mtego umeshindwa.

Somo hilo lilichukua muda. Mwaka 1938 kisima cha Waki kilichimbwa karibu na Butiaba, kikagota mwamba mkongwe kwenye mita 1,237 bila mafuta ya kibiashara. Wachimbaji walikuwa na michirizi juu ya ardhi, hawakuwa na picha ya umbo la chini. Nchi ilingoja hadi 2006, kisima cha Mputa-1 cha Kaiso-Tonya kilipofungua ukurasa, baada ya uchunguzi wa mitetemo kuonyesha vipande vilivyoegama viko wapi hasa. Tangu hapo visima zaidi ya 100 vya utafutaji na tathmini vimechorongwa, na zaidi ya 85 katika kila 100 vimekutana na mafuta au gesi. Duniani kiwango hicho ni cha nadra, na kinatupa kiburi ambacho sehemu yake ni halali.

Sehemu tu. Visima vya Turaco kule Semliki, vilivyochimbwa kuanzia 2002, vilikuta mchanga na kifuniko, na ndani yake gesi iliyojaa hewa ya ukaa. Mtego huzuia chochote kinachoelea, hauchagui mgeni.

Sasa tuone namba kubwa hupikwaje, maana hapa ndipo wengi hupotelea. Chukua kiwanja cha kubuni chenye eneo la kilomita za mraba 10 na mchanga halisi wa unene wa mita 10, baada ya kutoa matabaka ya tope. Huo ni mwamba wa mita za ujazo milioni 100. Nafasi tupu zikiwa asilimia 25, unabaki na milioni 25. Maji yang'ang'aniayo punje huchukua, tuseme, asilimia 30 ya nafasi hizo. Mafuta ni milioni 17.5. Yakipanda juu, gesi hujitenga na mafuta husinyaa, kwa hiyo gawa kwa 1.1: milioni 15.9. Mita moja ya ujazo ni mapipa 6.29. Umepata mapipa milioni 100.

Umeona ni makadirio mangapi yamezidishwa? Ukikosea nafasi tupu, ikawa 20 badala ya 25, mapipa milioni 20 yameyeyuka kwenye karatasi. Ukihesabu mita 10 za unene kumbe 3 ni tope, milioni 30 nyingine. Makosa haya hayajumlishwi, yanazidishwa. Mhandisi mwaminifu hatoi namba moja. Hutoa tatu, ya chini, ya kati na ya juu. Bilioni 6.5 inayosomwa redioni ni namba moja iliyovuliwa ndugu zake.

Nafasi tupu hupimwa vipi? Kwa vipimo vinavyoshushwa kisimani kwa waya, na kwa kiini, yaani kipande cha mwamba kinachokatwa kizima na kupandishwa juu. Mchanga wa vina vifupi vya Buliisa huleta shida ya aina yake. Haujawahi kuzikwa kwenye joto la nyuzi 70 au 80 ambapo kwatzi huanza kuyeyuka kidogo na kugandisha punje pamoja. Kwa hiyo si jiwe hasa. Kiini chake hutoka kikiwa rangi ya kahawia iliyoiva, chenye harufu ya lami, kimeshikana kwa mafuta mazito na tope kidogo tu. Ukikibonyeza kwa dole gumba kinamomonyoka. Ndiyo maana hukatwa ndani ya bomba la alumini au faiba na kugandishwa kwa barafu kavu kabla ya kusafirishwa. Kikiyeyuka njiani, punje hujipanga upya na kulegea, na maabara itasoma nafasi kubwa kuliko ile iliyoko chini. Uzembe wa dereva mmoja unaweza kuzaa mamilioni ya mapipa hewa.

Kutoshikamana huko kwa punje kuna baraka yake. Mchanga mlegevu una nafasi asilimia 25 hadi 30 na upenyezaji unaoweza kupimwa kwa dasi nzima (dasi ndiyo kipimo cha upenyezaji), wakati miamba mingi ya vina virefu duniani hupimwa kwa sehemu za elfu za dasi. Ukiangalia mwamba peke yake, utasema mafuta haya yatatoka mbio.

Hayatoki mbio, na kila sababu ina mzizi katika ufupi wa kina. Mita 500 chini, shinikizo la kawaida ni takriban sehemu ya tano tu ya lile la mita 2,500, kwa hiyo mafuta hayana nguvu ya kujipandisha, lazima pampu. Joto ni dogo, limekaribia kiwango cha kuganda kwa nta, na mafuta ya baridi ni mazito kutembea. Chini ya nyuzi 80 bakteria huweza kuishi mwambani na kula sehemu nyepesi za mafuta, wakiacha zile nzito. Pampu ikivuta kwa pupa, punje zisizogandishwa hufuata mafuta, huziba kisima na kusaga pampu. Kichujio cha waya chini ya kisima husaidia, lakini kikiwa chembamba mno huzibwa na udongo, kikiwa kipana mno hupitisha mchanga.

Ili kusukuma mafuta, unaingiza maji pembeni. Hapo ndipo mambo huharibika kimyakimya. Maji ni mepesi kutembea kuliko mafuta mazito mara kumi au zaidi, basi hayasukumi kwa mstari mmoja, yanachomoza vidole na kuyapita mafuta, yakikimbilia tabaka lenye punje kubwa. Kisima kikishaonja maji, kitaendelea kuyanywa. Maji ya ziwa yasipopashwa joto, yakiingia yakiwa chini ya nyuzi 30, yanaweza kugandisha nta ndani ya vijia vyenyewe na kufunga mlango ulioujia kuufungua. Kuongeza polima, kemikali ya kuyafanya maji yawe mazito, kunasaidia, ila polima ina bei. Na hata pale maji yalipopita vizuri, asilimia 20 hadi 30 ya nafasi hubaki na matone ya mafuta yaliyonaswa, kwa nguvu ileile ya vijia vyembamba iliyotengeneza mtego tangu mwanzo.

Kuna hatari moja zaidi, na kwa watu wa Buliisa na Nwoya ndiyo ninayoiona nzito kuliko zote. Kwenye mita 400, shinikizo la asili ni megapaskali 4 hivi, na mwamba hupasuka kwenye takriban 6 hadi 7. Nafasi ya kufanyia kazi ni nyembamba. Mwendeshaji anayetaka kuingiza maji kwa haraka akivuka mpaka huo, hupasua kifuniko kilichodumu mamilioni ya miaka, na juu ya kifuniko hicho kuna mashamba, visima vya maji ya kunywa na mbuga ya Murchison.

Linganisha sasa miradi miwili. Kingfisher iko ndani zaidi, chini ya Ziwa Albert, ikifikiwa kwa visima vya kuinama kutoka tambarare ya Buhuka. Kisima chake cha kwanza kilipita urefu wa mita 3,000. Mpango wake ni visima 31, kati ya hivyo 20 vya kuzalisha, kwa mapipa 40,000 kwa siku: wastani wa 2,000 kwa kila kisima. Tilenga, yenye mchanga wa vina vifupi, inahitaji visima zaidi ya 400 katika majukwaa 31 ya kuchimbia, karibu nusu yake vya kuingiza maji, ili ifike 190,000. Kila kisima cha kuzalisha hakifiki hata 1,000. Anayeuliza kwa nini Tilenga imekula ardhi nyingi hivyo, jibu la kwanza liko kwenye kina na uzito wa mafuta, kabla hajafika kwenye siasa.

Basi nini kifuatiliwe? Mapato ya kila mwezi yatatangazwa, hayo hayahitaji msukumo. Kinachohitaji msukumo ni takwimu za mwamba, na Mamlaka ya Petroli ya Uganda inapaswa kuzitoa kwa kila kiwanja, si kwa jumla. Kwanza, asilimia ya maji katika kinachopandishwa, kisima kwa kisima. Pili, shinikizo la mwamba kila mwaka likilinganishwa na la siku ya kwanza, pamoja na shinikizo la juu kabisa lililotumika kuingizia maji. Tatu, uzito wa mchanga unaopatikana kwenye mitambo ya kutenganisha, maana ukipanda ghafla ujue kuna vichujio vimetoboka au mtu anavuta kwa pupa. Nne, makadirio mapya ya mapipa yanayotoleka, yote matatu, ya chini, ya kati na ya juu.

Mkandarasi anayetaka kurudisha fedha zake mapema ana kila sababu ya kuvuta kwa nguvu miaka ya mwanzo, na kauli nzuri za mkataba wa kugawana uzalishaji peke yake hazimzuii. Kinachomzuia ni mpango wa uendelezaji wa kiwanja ulioidhinishwa na serikali, unaoweza kuweka kikomo cha kasi kwa kila kisima na kikomo cha shinikizo kwa kila jukwaa. Kamati ya Bunge ya maliasili ina uwezo wa kuuitisha mpango huo. Ikiuitisha, ifungue kwanza kurasa za Jobi-Rii, kiwanja kimojawapo cha Tilenga, iangalie imeandikwa kiwango gani cha maji ambacho kikifikiwa kisima hufungwa, na nani anayekipima.